Risotto au pasta kwenye mgahawa wa Kiitaliano

Kuchagua kati ya pasta na risotto, wali wa Kiitaliano unaopikwa kwa supu, kunamgusa mlaji na mhudumu pia. Pasta kavu huiva kwa dakika 8 hadi 12, sosi ikiwa tayari pembeni. Mpishi huitoa ingali na ugumu kidogo katikati, akaichanganya na sosi na maji kidogo ya kuchemshia, maana wanga uliomo hushikanisha kila kitu. Sahani inatoka, mhudumu anapumua.

Risotto ni habari nyingine. Mchele wake, wa aina ya Arborio au Carnaroli, unataka takribani dakika 18, supu ya moto ikiongezwa upawa kwa upawa, na mtu amesimama hapo anakoroga. Ndiyo maana migahawa mingi huupika nusu mapema, ikaupooza, kisha kuumalizia oda ikifika. Huo si udanganyifu. Lakini risotto iliyopikwa yote papo hapo, laini, inayotandaa yenyewe sahanini, kwangu inaishinda pasta yoyote. Anayemfokea mhudumu kwa kuchelewa anamwonea kabisa: hana namna ya kuharakisha mchele.

Ukumbi ukifurika, agiza pasta. Jioni ikiwa tulivu, agiza risotto, na uile ingali moto, kwani ikikaa huganda.