Tuliowaita Kumuenzi Baba: Tathmini ya Kikundi cha Wanajeshi Wastaafu wa Dodoma

Mwezi Agosti mwaka jana familia yetu ilijengea kaburi la baba kijijini kwetu, wilayani Chamwino, na kwa ajili ya shughuli hiyo tuliomba huduma ya kikundi cha wanajeshi wastaafu chenye makao yake hapa Dodoma mjini. Kikundi hicho si biashara. Hakina bango wala ofisi ya kupanga, na anayekihitaji huelekezwa kwa katibu wake na wenyeviti wa mitaa. Tangu siku ile nimeulizwa na jamaa na majirani kadhaa kama inafaa kuwaita wazee hawa, na kwa kuwa jibu langu haliishi kwa neno moja, nimeona niliandike. Jina la kikundi sitalitaja, kwa sababu nina lawama mbili tatu ambazo nimekwisha kuwaeleza wenyewe ana kwa ana.

Kazi yao ni kuja kwenye msiba, kumbukumbu au shughuli ya kaburi la mtu aliyelitumikia taifa jeshini, wakasoma maelezo ya utumishi wake, wakaongoza ukimya wa dakika mbili, wakapiga saluti na kuacha kibao cha mbao chenye jina lake. Ada hawatozi. Sisi tuligharamia mafuta ya Noah waliyokuja nayo, chakula cha mchana cha wazee tisa, na shilingi 60,000 za fundi wa kibao. Kabla ya hapo tulikuwa tumeulizia bei ya kikundi cha matarumbeta na mshereheshaji wa mjini, tukatajiwa kiasi ambacho kingetosha kununua mbuzi wa kulisha kitongoji kizima.

Hofu yangu ya kwanza ilikuwa kwamba wangetukataa. Baba hakuwa na namba ya jeshi, hakuwahi kulipwa pensheni, na hakuna kambi ambayo jina lake lingekutwa kwenye orodha ya wastaafu. Alikuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, JWTZ, ambalo wakati huo lilikuwa na umri wa miaka 14 tu, liliongezewa nguvu kwa vijana wa JKT, askari wa polisi na magereza, na maelfu ya mgambo waliotoka vijijini. Baba alikuwa mmoja wao, akiwa na miaka 24, mke na mtoto mchanga. Alipanda treni Dodoma, akashukia Mwanza, na aliporudi mwaka uliofuata alirudi na bakuli la bati ambalo mama analitumia hadi leo kupimia uwele.

Nilipompigia simu katibu na kumweleza kwamba marehemu alikuwa mgambo, alijibu kwa sentensi moja: "Mgambo alipigwa na mvua ileile." Wiki iliyofuata alifika nyumbani mwenyewe kwa bodaboda.

Hapa ndipo penye sehemu ya huduma yao ambayo sikuitarajia, nayo ndiyo inayonifanya niwasifu kuliko mengine yote. Katibu huyo ni staff sajini mstaafu, mzee mrefu anayevaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alitusalimu "Mbukwenyi" ingawa si Mgogo, akakaa kwenye kigoda, akafungua kauntabuku iliyokunjika pembe na kuanza kuuliza. Hakutaka sifa za marehemu. Alitaka kujua mwezi aliochukuliwa, alikofanyia mazoezi, jina la mtu yeyote aliyekuwa naye, na kama aliwahi kusema daraja la Kyaka alilivuka likiwa katika hali gani. Hilo la daraja lilitushangaza, naye akatueleza. Daraja lile lilivunjwa na majeshi ya Uganda mwanzoni mwa Novemba 1978, na wahandisi wetu wakalazimika kuweka la muda ili jeshi livuke mto Kagera. Kwa hiyo mtu aliyepita pale, ukimsikiliza anavyosimulia kuvuka kwake, unaweza kukadiria alifika lini na alikuwa na kundi gani. Sisi watoto sita, wenye simu zenye kamera na vyeti vya kila namna, hatukuwa na jibu hata moja. Mama peke yake ndiye aliyekumbuka jina la mwenzake baba, mtu wa Kongwa, waliyekuwa wakitumiana salamu kwa wauza ng'ombe hadi miaka ya tisini.

Katibu alimfuata mzee huyo Kongwa kwa nauli yake mwenyewe, na aliporudi alikuwa na habari ambayo haikumfurahisha kila mtu. Nyumbani kwetu ilijulikana kwamba baba aliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, siku mji ulipotekwa. Nimejaribu kukumbuka ni lini yeye mwenyewe alisema hivyo, na sikumbuki. Nadhani sisi watoto ndio tuliomwingiza Kampala, mwaka baada ya mwaka, kila tulipowasimulia wenzetu shuleni. Mzee wa Kongwa alieleza kwamba yeye na baba walifika Masaka baada ya mji huo kutekwa mwezi Februari, wakapangiwa kulinda ghala la risasi na chakula, na hapo ndipo walipokuwa redio ilipotangaza habari za Kampala. Kazi yao ilikuwa kuhesabu makasha, kupakia malori usiku na kulala kwa zamu.

Kaka yangu mkubwa, yule aliyekuwa mtoto mchanga, alikuwa amekwisha kuchapisha fulana 24 zenye maneno "Shujaa wa Kampala". Aliomba katibu aandike Kampala tu, kwa kuwa marehemu hana wa kumpinga na anayesikia hapotezi kitu. Katibu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole: "Mwanangu, waliokufa katika safari ile wengine wamelala Kaboya kule Muleba. Baba yako alikufa kitandani kwake, mmemshika mkono. Mimi nitamwandika Masaka, maana ndiko alikokuwa." Wakabishana kwa muda, na mwishowe maelezo yaliandikwa kama katibu alivyotaka, kurasa mbili zilizopigwa chapa, kila jambo likiwa na jina la aliyelishuhudia. Fulana zilivaliwa siku ya shughuli zikiwa zimegeuzwa ndani nje, jambo ambalo lilichekesha watu na ambalo kaka hajanisamehe kwa kulitaja.

Siku yenyewe haikwenda vizuri kama maandalizi yake. Tulikubaliana saa tatu asubuhi, wazee wakafika saa tano na dakika ishirini, kwa maelezo kwamba Noah ilipasuka tairi. Tairi hupasuka, hilo nalikubali, lakini watu walikuwa wamekaa tangu alfajiri chini ya maturubai kwa upepo ule wa Agosti unaobeba vumbi jekundu hadi kwenye sufuria, na simu ya kutuarifu haikupigwa. Spika waliyokuja nayo ilikuwa ikikoroma kila mwenyekiti wao alipoikaribia, mpaka kijana mmoja wa kwaya akawaazima ya kanisani.

Walipoanza, hata hivyo, watu walinyamaza bila kuombwa. Wazee tisa, wawili wakitembelea fimbo, walijipanga mstari mmoja wakiwa na bereti na nishani zao. Niliitambua Nishani ya Kagera kwa wanne. Waliotarajia milio ya bunduki walivunjika moyo, nami nawashauri watakaowaita wawaeleze ndugu zao mapema kwamba hakuna risasi itakayopigwa, kwa sababu heshima ya risasi ni ya jeshi lenyewe na ina taratibu zake, nao hawaigizi. Badala yake wamechukua kitu kutoka kwenye maadhimisho ya Siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai, ambako Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na wengine kwa zamu zao huweka shada la maua, upinde na mishale, na shoka. Wazee hawa walimwita mjukuu mdogo kabisa wa baba, binti wa miaka saba, wakampa mkuki mfupi na ngao ya ngozi aviweke kaburini, kisha mjomba akaweka upinde na mshale vilivyotoka nyumbani kwetu. Katibu akasoma zile kurasa mbili. Aliposoma "alilinda ghala la Masaka na hakuna kasha lililopotea mikononi mwake", mzee wa Kongwa, ambaye waliamua wenyewe kumpitia na kuja naye, aligonga fimbo yake chini mara mbili.

Hotuba ya mwenyekiti ilichukua dakika hamsini, nayo ndiyo niliyoiona ndefu kupita kiasi, japo nusu yake ya kwanza ilistahili kusikilizwa. Alieleza kwamba Dodoma imebeba mizigo ya vita kuliko inavyosemwa: kwamba mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigania Kondoa, kwamba vijana wa Ugogo walichukuliwa kuwa wapagazi na ghala za nafaka na mifugo zikachukuliwa kulisha majeshi, na njaa iliyofuata, ile ambayo bibi zetu waliiita Mtunya, iliua watu wengi kuliko risasi zilizopigwa hapa. Akaja kwenye Kongwa ya miaka ya sitini, kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na vyama vingine, kwenye ardhi iliyoachwa na mradi wa Waingereza wa karanga. Hoja yake ilikuwa kwamba anayebeba mzigo, anayelisha na anayelinda ghala naye yuko vitani, na kwa mtoto wa mlinzi wa ghala hoja hiyo ilinifikia barabara. Bahati mbaya hakuishia hapo. Aliendelea na bei ya mbolea, nidhamu ya vijana wa bodaboda na safari yake mwenyewe ya mafunzo, huku wali ukipoa na akina mama wa jikoni wakichungulia.

Lawama yangu kubwa ni nyingine. Kwa mpangilio wao, viti vya mbele vilikuwa vya wapiganaji na viongozi wa kijiji, safu ya pili ya wachungaji, na mama yangu, aliyeachwa na mtoto mchanga mwaka 1978 bila kujua kama mumewe angerudi, aliwekwa safu ya tatu nyuma ya mtu mwenye kofia pana. Katika kurasa zile mbili zilizoandikwa kwa uangalifu kiasi kile, hakutajwa isipokuwa kama "mjane". Kikundi kinachojua kwamba mlinzi wa ghala naye alikuwa vitani kingeweza kujua na hili. Nilimweleza katibu jioni ileile wakati wanapanda gari. Hakujitetea, alisema tu kwamba amesikia.

Kibao nacho kilikuja na kosa: mwaka wa kuzaliwa ulichongwa 1945 badala ya 1954. Walikichukua siku hiyohiyo na kutuahidi wiki moja. Kikarudi baada ya wiki tatu, kikiwa sahihi na bila malipo ya ziada. Kimechongwa kwenye mninga, herufi zimezama vizuri, na tangu hapo kimepigwa na mvua za msimu mzima bila kupasuka.

Kwa anayetaka kuwaita, awaendee angalau miezi miwili kabla, kwa kuwa ule utafutaji wa kumbukumbu ndio huduma yenyewe na haufanyiki kwa siku tatu. Asipange shughuli karibu na tarehe 25 Julai, wakati wengi wao wanakuwa kwenye maadhimisho, wala tarehe 1 Septemba, ambayo ni siku ya kuanzishwa kwa JWTZ. Aandae spika yake. Amkabidhi mwenyekiti muda maalumu wa kuzungumza, tena mbele ya mashahidi. Na kama kuna karatasi, picha au barua yoyote sandukuni, asiitupe hata kama imeliwa na mchwa nusu. Kwa alama ningewapa nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibakiza ni ya ile safu ya tatu.

Aliyekileta kibao kilichorekebishwa alikuwa katibu mwenyewe, kwa bodaboda, kikiwa kimefungwa kwenye kipande cha kiroba. Baada ya kukikabidhi hakuaga. Alivuta kigoda karibu na mama, akafungua kauntabuku ukurasa mpya, akamuuliza mwaka ule mtama wa shamba la kule bondeni ulivunwa na nani. Mama alicheka kwanza, akiwa hajawahi kuulizwa, kisha akaanza kusimulia: jinsi alivyovuna peke yake mtoto akiwa mgongoni, jinsi walivyokusanyika jioni kwenye redio ya balozi wa nyumba kumi kusikiliza habari za vita, na kwamba siku baba aliporudi alimpita njiani bila kumtambua, kwa jinsi alivyokonda. Katibu aliandika bila kumkatiza, akauliza tu tarehe mara mbili, akajaza kurasa tatu, kisha akaomba maji ya kunywa.