Mfunguo Mosi: ulipe deni la Ramadhani au ufunge Sita?

Saumu zote mbili, ya deni na zile siku sita za sunna, huweza kuanza siku ya pili ya Shawwal (Mfunguo Mosi), kwani kufunga siku ya Idi ni haramu. Lengo la saumu yoyote ni uchamungu (Al-Baqara, 183), lakini mafunzo yake hutofautiana.

Kadha, yaani kulipa siku za Ramadhani zilizokosekana, ni deni. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa sana pwani yetu, nia yake huwekwa usiku, kabla ya alfajiri, na ukishaianza huruhusiwi kuivunja bila udhuru. Hapa nafsi hufunzwa uaminifu: hakuna shamrashamra za futari wala tarawehe, ni wewe na Mola wako. Ukichelewesha bila udhuru hadi Ramadhani nyingine iingie, utalipa siku na pia kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku.

Sita ni hiari, zawadi ya mja. Nia yaweza kuwekwa hata asubuhi, kabla ya jua kupinduka, mradi hujala kitu. Si lazima zifuatane. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inazifananisha, pamoja na Ramadhani, na saumu ya mwaka. Hesabu ni jema kwa kumi: 300 za Ramadhani na 60 za Sita.

Aliyekula kwa makusudi alipe kwanza, hapo hakuna mjadala. Mwenye siku saba za hedhi ana nafasi ya kuchelewesha. Bi Aisha, mke wa Mtume, alilipa zake hata Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani. Hata hivyo, kwa maoni yetu, deni litangulie: Shawwal ina siku za kutosha zote mbili.