Mafuta wanapaka vizuri, kuosha ndo wameniharibia

Naandika nikiwa bado nina hasira na sitajifanya sina. Kuna saluni moja hapa Mtwara mjini, jina sitaji, ipo upande wa sokoni, inasifiwa sana kwa tritimenti ya mafuta ya moto, na sifa zenyewe sio za uongo, hilo nalisema mapema mtu asije akasema namharibia mwenzangu biashara. Mafuta wanajua kupaka. Kuosha hawajui, afu hawataki kuambiwa.

Ilikuwa kipindi hiki cha korosho, watu wameshalipwa, kila wikiendi harusi, saluni zimejaa mpaka nje. Mimi nilikuwa na harusi Lindi, upande wa shangazi yangu. Nywele zangu hazina dawa, ni zile za kujikunja sana, nimezilea mwenyewe muda mrefu mpaka ukizivuta zinagusa mabega, kwa hiyo simpi mtu yeyote kichwa changu hivi hivi. Dada aliyenipaka mafuta nampa haki yake. Kachanganya ya nazi na ya mnyonyo kwenye kibakuli, kakiweka kibakuli ndani ya maji ya moto, hakubandika jikoni moja kwa moja, kajaribu kwanza mkononi mwake, afu akaanza kupaka fungu kwa fungu kwa ncha za vidole, kichwa kinakandwa mpaka usingizi unakuja. Akanivisha mfuko wa nailoni na taulo la moto juu. Na mafuta ya nazi sio ya kubezwa, ni katika mafuta machache yanayoingia ndani ya unywele wenyewe, mengi yanabaki juu juu tu. Huku kwetu joto hayagandi unayamimina kama maji, peleka Makete uone yanavyokuwa kipande.

Kama ningeondoka hapo hapo na mfuko wangu kichwani ningewapa nyota zote tano.

Sasa yule dada akaitwa kwa bibi harusi, mi nikakabidhiwa kwa binti mwingine wa kuosha. "Inama dada." Nikainama. Kafungulia maji ya baridi, yakanimwagikia kichwa kizima kilichojaa mafuta, afu ndo anatafuta shampuu. Jamani. Mafuta na maji havijawahi kupatana tangu dunia iumbwe, ukitanguliza maji yanateleza tu juu na kwenda zake, na mnyonyo ulivyo mzito ndo kabisa haubanduki. Unatakiwa utangulize kondishena au shampuu kwenye nywele zile zile zenye mafuta, kabla hata tone la maji halijagusa, uzipitishe kwa vidole mpaka zianze kuteleza, hapo sasa ndo unaleta maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Shampuu kazi yake ni kuyashika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine yaondoke pamoja. Ukiizamisha kwenye maji mengi kabla haijayafikia mafuta imeshaishiwa nguvu.

Na hiyo shampuu yenyewe. Chupa kubwa, lebo imefutika imebaki nusu herufi, kifuniko kimepasuka, kinachotoka humo ni cha njano na kinanukia limao kali. Hiyo harufu kila mtu mwenye jiko anaijua, ni sabuni ya maji ile ya kupimiwa kwenye dumu, tunaoshea sufuria na kudekia. Nikamuuliza, mdogo wangu hii ni shampuu kweli? Akanijibu ni shampuu hiyo hiyo, "tumeiongezea kidogo itoe povu". Tumeiongezea! Mtu nimelipia 20,000 halafu naoshwa na kitu cha kuondolea ukoko wa ubwabwa.

Nikamwambia kwa upole kabisa, naomba basi zigawe mafungu manne ubane na vibanio, uoshe fungu moja moja, vidole viende kwenye ngozi sio kwenye nywele. Hajagawa. Kazikusanya zote juu ya utosi akaanza kuzisugua kwa kuzungusha viganja, kama anafua taulo. Nywele za kujikunja zikiwa na mafuta mazito ukizizungusha hivyo zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinafunga mafundo, na mafundo mengine dawa yake inakuwa mkasi tu. Nikanyanyua kichwa nikamshika mkono. Ndo akasema, "Dada mi nimeosha vichwa vingi, usinifundishe kazi." Sawa, huyo binti, pengine hajafundishwa, na siku ile alikuwa amechoka kwelikweli, ningemuachia. Lakini mwenye saluni alikuwa kakaa pale pembeni na simu yake, mtu mzima, mama wa kuitwa shikamoo na nilimuamkia vizuri wakati naingia, hakuinua hata uso, akasema, "Kama unajua sana si ungejioshea kwenu."

Watu wote saluni kimya. Bibi harusi wa watu ananiangalia kwenye kioo.

Hilo neno ndo limenikaa. Sabuni ya vyombo ningesamehe, maji baridi ningesamehe. Mteja amekulipa mapema kwa lipa namba, anakuomba kitu kisichokugharimu hata mia, unamjibu hivyo mbele za watu?

Haijaisha. Maji yakakatika na povu bado kichwani. Hilo sio kosa lao, maji kukatika tunakujua wote, ila wakaleta ndoo ya maji ya kisima, yale ya chumvi ukiyanawa mikono inabaki inakwaruza, na jagi dogo. Wanasuuza mara mbili tatu, basi, taulo. Maji ya namna ile yanataka kusuuza zaidi, sio pungufu, maana ile chokaa inagoma kuachia sabuni, inaacha vitu vyeupe kwenye mizizi ukipita ukucha unavikwangua. Kondishena ya mwisho hakuna. Akachukua kitana cha meno madogo akaanzia juu kushuka chini. Nikasema anzia kwenye ncha, akasema "nywele zako ngumu kama makumbi". Nikasimama. Nikajifunga mtandio zikiwa mbichi nikaondoka.

Matokeo yake sasa. Mbele na utosini ambako lile sabuni lilifika zimekauka zinalia ukizishika, kisogoni na nyuma ya masikio ambako hakukugawiwa mafuta yote yamo vile vile. Asubuhi nipo kwenye basi la Lindi, jua hilo, tunafika Mnazi Mmoja nasikia kitu kinateremka shingoni. Mafuta. Mtandio wangu wa sare, rangi ya samawati ya kupauka, umeshika doa la mafuta sawa na kiganja, na vumbi limekuja limekaa juu ya doa. Shangazi akaniuliza umepikia chapati kichwani mwanangu? Nilicheka mbele zake, nikaenda kulia chooni, sidanganyi.

Aliyeniokoa ni binamu yangu wa Lindi ambaye hana saluni wala cheti. Kanikalisha kwenye mkeka, kagawa mafungu manne, kaziacha kavu, kapaka kondishena ya kawaida ya dukani nyingi mpaka ncha, katulia nayo kama nusu saa tunapiga stori. Mafundo akayafungua kwa vidole, akianzia chini kupanda. Afu maji ya vuguvugu, shampuu kidogo kwenye ngozi tu, akasuuza, akarudia mara ya pili kisogoni peke yake kwa sababu huko ndo kulikuwa na mzigo, kondishena tena, akamalizia na maji ya mvua waliyokinga, akanikausha kwa fulana ya pamba kwa kuminya, sio kusugua. Nywele zikarudi kuwa laini na bado zina ule ung'avu wa mafuta. Hapo ndo nikaona uzuri wa kazi ya yule dada wa kwanza, na hapo hapo hasira ikanipanda upya, maana waliipata kazi nzuri mkononi wakaimwaga wenyewe kwenye sinki.

Nimekatikiwa na nywele upande wa kushoto juu ya sikio, sio nyingi ila nikibana naziona zimesimama fupi fupi.

Niliporudi Mtwara yule mama alinipigia, kapewa namba yangu na jirani, akasema mwanangu njoo nikuoshe bure. Nikataka kulainika, nakiri maneno yalikuwa mazuri. Nikamuuliza mama, mmenunua shampuu? Akasema "ile tuliyonayo wateja hawajalalamika." Basi. Mwanzo nilitaka kuwaambia nendeni mkapakwe mafuta tu mkaoshwe nyumbani, na kwa mikono ya yule dada hata leo ningesema nendeni, ila nikikumbuka lile jibu la si ungejioshea kwenu nasema hapana, msiende hata kupaka. Nyota moja, na hiyo moja ni ya yule dada peke yake, sio ya saluni, na akihamia kwingine nitamfuata na 20,000 nyingine mkononi.

Kama kuna mtu anajua saluni ambayo wanagawa nywele kabla ya kuosha na chupa ya shampuu ina lebo yake, iwe Shangani, iwe Chuno, hata Mikindani nitapanda gari niende, naomba mnielekeze. Nina mafuta ya nazi niliyokamuliwa na shangazi, nataka mtu wa kunipaka na kuniosha mwenyewe mpaka mwisho.