Testa ya balbu kwa taa za trela: uzoefu wangu, na kwa nini naishika kabla ya multimita

Testa ninayoizungumzia ni ile ya magari: mpini wa plastiki wenye balbu ndogo ndani, ncha kali kama sindano mbele, na waya wenye banio nyuma. Si ile bisibisi ya kupimia umeme wa nyumbani. Imeandikwa volti 6 hadi 24, na inapatikana karibu kila duka la spea, Kariakoo na kwingineko. Kwa kutafuta hitilafu za taa kwenye trela la volti 24, hiki ndicho kifaa cha kwanza ninachomshauri mtu anunue. Ila isitumike kama inavyotoka dukani.

Sababu ni mzigo, yaani umeme ambao kifaa kinavuta kikiunganishwa. Multimita, kile kipimo kinachoonyesha volti kwa namba, haivuti umeme wowote wa maana. Ukipima nayo waya uliooza huku taa imechomolewa, itakuonyesha volti 24 safi ilhali taa ya breki ikiunganishwa haiwaki, na fundi ataanza kubadilisha balbu na holda zisizo na kosa. Chukua kiungo kilicholiwa na kutu hadi kikawa na ukinzani wa ohm 20. Multimita itasoma 24. Testa ya LED, inayovuta miliampea chache tu, itawaka vizuri. Testa ya dukani yenye balbu ya wati 5 inavuta kama ampea 0.2, itabaki na volti kama 20, ififie kidogo ambacho jicho halikioni juani. Lakini balbu ya wati 21, ile ile inayokaa kwenye breki na indiketa, inataka karibu ampea 0.9, na kupitia kiungo hicho haifiki hata volti 14. Itakuonyesha wekundu tu, na hapo umeshajua pa kutafuta.

Kwa hiyo naifanyia mabadiliko mawili. Naondoa balbu ya ndani na kuunganisha holda ya nje yenye balbu ya volti 24, wati 21. Kisha natupa ule waya wa dukani, ambao ni mfupi mno kwa trela la mita 12, na kuweka wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa kutosha kutoka soketi ya mbele hadi taa za nyuma. Banio la asili nalo halifai, springi yake ni dhaifu na inashika rangi badala ya chuma. Kila mara igusishe kwenye betri kabla ya kuanza, maana testa mbovu inapoteza muda kuliko waya mbovu.

Jambo la kwanza ni kujua kosa liko kwenye kichwa (gari linalovuta), kwenye kebo inayoviunganisha, au kwenye trela. Soketi ya kawaida ya pini 7 ya volti 24 (ISO 1185) ina namba: pini 1 ni ethi (njia ya umeme kurudi), waya mweupe, 2 taa za nyuma na za ubavuni kushoto, mweusi, 3 indiketa ya kushoto, njano, 4 breki, nyekundu, 5 indiketa ya kulia, kijani, 6 taa za nyuma na za ubavuni kulia, kahawia. Ya 7, bluu, matumizi yake hutofautiana. Vitrela vidogo vya volti 12 vina mpangilio mwingine: ethi iko pini 3, nayo ni nyeupe. Rangi zisikudanganye kwenye trela lililowahi kufanyiwa kazi barabarani, fuata namba.

Chomoa kebo upande wa trela, washa taa, mtu akanyage breki, na upime kila pini ya plagi. Banio libane pini 1, si chasi ya kichwa peke yake. Wengi hukosea hapa. Ukibana chasi, testa itawaka hata kama waya mweupe umekatika ndani ya kebo, utatangaza kebo ni nzima, na trela litaendelea kuwa giza. Pima mara mbili: kwanza kwa chasi, kisha kwa pini 1. Ikiwaka kwa chasi na kufifia kwa pini 1, kosa ni ethi. Testa ikiwa bado inawaka, ikunje ile kebo iliyojisokota kama springi karibu na plagi zote mbili. Nyaya hukatikia sentimita chache za mwanzo, ndani ya ganda ambalo kwa nje linaonekana zima.

Ethi ndiyo inayokufa kwanza, na hesabu inaonyesha kwa nini. Breki mbili na indiketa mbili za wati 21 ni wati 84. Taa ndogo kumi za wati 5 ni 50. Jumla 134, karibu ampea 5.6, na zote zinarudi kwa waya mmoja mweupe. Ndiyo maana kwenye kebo nzuri huo waya ni mnene kuliko wenzake, mara nyingi milimita za mraba 2.5. Dalili yake ni ya wazi: ukiwasha indiketa, taa za nyuma zinakonyeza nazo, ukikanyaga breki, taa za ubavuni zinafifia. Umeme ukikosa njia ya kurudi unapitia kwenye balbu nyingine.

Hapa multimita inapata kazi yake halali. Washa taa zote, weka waya mmoja wa multimita kwenye ethi ya taa ya nyuma na mwingine kwenye pini 1. Chini ya volti 0.5 ni sawa. Ikizidi volti 1, fuata njia hiyo kiungo kwa kiungo hadi uone namba inaporuka. Mara nyingi ni boliti iliyofungwa juu ya rangi, au kisanduku cha viungo kilichojaa maji. Kwangua hadi chuma king'ae, tumia washa yenye meno, kaza, kisha ndipo upake grisi. Kwenye kisanduku, nyaya ziingilie chini ili maji yasiteleze nazo hadi ndani. Viungo vya kusokota na kufunga tepu havifai kwa trela linalopakia bandarini: chumvi na unyevu vinabaki ndani ya tepu, na shaba inageuka ya kijani. Tumia viungo vya kubana vyenye ganda la gundi linalosinyaa kwa joto.

Kazi ninayoipenda zaidi ni kutafuta shoti, yaani pale waya wenye umeme unapogusa chasi. Fyuzi ikiwa inaungua kila unapowasha, usiendelee kuziteketeza. Toa balbu zote za mstari huo, kisha unganisha testa ya wati 21 mahali pa fyuzi. Shoti ikiwepo, testa itawaka kwa nguvu zote na hakuna waya utakaoungua. Tikisa nyaya hatua kwa hatua, hasa zinapopita kwenye matundu ya chasi na karibu na springi. Testa ikizimika, mkono wako uko juu ya kosa.

Kwa taa za LED, indiketa ikipepesa haraka, unganisha testa sambamba na taa hiyo. Ikirudi kwenye mwendo wa kawaida, nyaya ni nzima; kinachokosekana ni mzigo, na dawa ni flasha (kifaa kinachopepesesha indiketa) inayofaa LED.

Kasoro kubwa ya kifaa hiki ni ile ncha. Kila tundu kwenye ganda la waya ni mlango wa maji, na kutu hutembea ndani kwa sentimita nyingi. Pima kwenye pini au nyuma ya holda. Ukilazimika kutoboa, ziba palepale.

Na isiguse kabisa plagi ya ABS au EBS, mifumo ya breki ya kielektroniki (ISO 7638), wala nyaya za sensa. Mzigo wa wati 21 unaweza kuharibu kompyuta ya breki. Vichwa vipya vinavyoendesha taa kwa moduli (kompyuta ndogo) navyo vinataka tahadhari: moduli ikiona mzigo mkubwa inaweza kukata mstari hadi uzime swichi na kuwasha upya, kwa hiyo huko anza na ile balbu ya wati 5.