Winchi: rimoti ya waya au swichi ya dashibodi?
Mota ya winchi ya gari (mashine ya mbele inayokunja kamba kulivuta gari likikwama) ya volti 12 ikilemewa hula zaidi ya ampea 300. Mzigo huo ni wa kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme) na nyaya nene za betri. Rimoti au swichi huamrisha tu, kwa waya mwembamba.

Rimoti wachomeka, basi. Lakini soketi yake hukaa mbele, na chumvi ya Mombasa haina huruma: yangu niliikuta pini zimeota kutu ya kijani. Dashibodi yataka kutoboa ukuta unaotenga injini na ndani ya gari, mpira wa kukinga waya, fyuzi, na umeme unaokatika ufunguo ukizimwa (watoto na vitufe, wajua tena). Hata hivyo mimi naichagua. Kwenye tope navuta huku nakanyaga mafuta taratibu. Ila kamba ikijirundika upande mmoja, aliye ndani haioni.