Kozi ya kupima masikio Bukavu: grupu nyuma ya ukuta

Mtu akiniuliza kama aende kwenye ile kozi ya kupima usikivu, ile ya upande wa Nyawera, namwambia asiende. Dola zake anunulie watoto viatu.

Chumba wanachokiita cha kimya kina magodoro ukutani na pazia zito mlangoni. Vizuri. Lakini nyuma ya ukuta huohuo ndiko walikoweka grupu, jenereta ya umeme! Umeme ukikatika, na hapa kwetu ni kila mara, meza yenyewe inatetemeka.

Siku moja akaja mama muuza samaki wa Kadutu, amekubali tumfanyie mazoezi. Hakuna aliyemchungulia masikio kuona kama yana nta, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza! Mwalimu akamvika kaski, vile visikizi vya masikioni, akampa kitufe: ukisikia mlio, hata mdogo namna gani, bonyeza. Hezi ndiyo kipimo cha wembamba au unene wa sauti: 1000, 2000, 4000, mama anabonyeza bila shida. Kushuka 500 na 250, zile sauti nene, hakuna kitu mpaka mlio upandishwe sana. Mwalimu akachora viduara vyekundu vya sikio la kuume na alama za X za buluu za kushoto, za hezi hizo mbili zote chini kwenye desibeli 45 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), akamwambia mbele yetu: "Mama, masikio yako imekufa."

Nikainua mkono. Papa, nikasema kwa heshima zote, mngurumo wa grupu ni sauti nene, ndiyo inayofunika hezi za chini. Tuizime, turudie. Akanijibu: "Ulikuja kusoma ao kunifundisha?" Wenzangu wakacheka, na mama bado amekaa pale na kaski kichwani.

Sasa, msaidizi wake, yaya (dada mkubwa) mmoja muuguzi, huyo ni mwalimu kweli. Mafuta ya grupu yalipoisha alimrudisha mama chumbani na odiometa, mashine ya kupima usikivu, ya betri. Mama akisikia, anashusha desibeli 10. Asiposikia, anapandisha 5, bila haraka, na hatoi milio kwa mwendo mmoja ili mtu asibahatishe. Hezi 500: desibeli 20, yaani anasikia vizuri. Kisha akatufundisha kile chuma cha ncha mbili cha hezi 512: unakigonga, unakiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio, halafu mbele ya tundu. Sikio zima husikia zaidi mbele. Mfupa ukishinda, mara nyingi njia ya sauti imeziba au ngoma ya sikio imetoboka. Kwa nusu siku ile ningelipa mara mbili, nasema kweli.

Ila nilipokwenda kuchukua cheti nikakuta kwenye faili ya mama karatasi ya kwanza tu, ile ya desibeli 45. Ya yaya iko wapi? Nikaambiwa haina mhuri. Mhuri! Yaya akifungua kozi yake, hata chini ya mwembe, nitajiandikisha tena. Kwa yule mzee, hata bure siendi.