Uzoefu wangu: pedi za breki na oili ya injini kwenye Fielder NZE141 ya kuagiza

Watu wakishaagiza gari Japani, ikifika sevisi ya kwanza swali ni lile lile, pedi za kampuni gani nzuri, oili ya nani nzuri. Mimi hilo swali nimeachana nalo kitambo. Gari yangu ni Toyota Corolla Fielder NZE141, injini 1NZ-FE, cc 1500, nimeshaifunga pedi za aina tofauti na oili za uzito tofauti, na kilichokuja kunisaidia sio jina la kampuni, ni vile vinamba na viherufi vidogo ambavyo watu wengi hawavisomi. Kwahiyo hii rivyu imejaa vinamba, wasiopenda mnivumilie tu.

Kwanza kabisa gari yenyewe. Kuna kibati cha chuma kimebandikwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, inategemea na modeli, kina MODEL, kina ENGINE, kina FRAME NO. Changu kinaanza na DBA-NZE141G halafu herufi zingine zinafuata. Sasa magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hayana ile VIN ya tarakimu 17 kama za Ulaya na Marekani, yana namba ya fremu, yaani kama hii yangu ni NZE141 kistari halafu tarakimu saba. Ndo maana ukiingia kwenye katalogi za spea za nje ukajaza namba ya gari yako inakukatalia, mtu anaanza kuwaza labda kauziwa gari iliyochezewa chesisi, wala, ni mfumo tu tofauti. Tafuta katalogi ya soko la Japani, jaza namba ya fremu, inakuletea spea za gari yako hasa.

Na usiende dukani ukasema "naomba pedi za Fielder". Fielder gani? Kuna NZE141 kama yangu, kuna NZE144 ya 4WD, kuna ZRE142 ya 1800, na mwaka 2012 ikaja bodi nyingine kabisa ya 160. Muuzaji atakupa iliyopo karibu na mkono wake. Mimi naenda na namba ya spea imeandikwa kwenye simu. Kwa Toyota pedi za mbele namba yake inaanza na 04465, pedi za nyuma 04466, breki shuu za nyuma (kwa gari zenye breki za dramu nyuma) 04495, filta ya oili ya kufunga kwa kuzungusha 90915. Ukishajua hizo tarakimu tano za mwanzo tu hata mtu akikupa boksi la kitu kingine unamshtukia hapo hapo. Na hata ukitaka kununua za kampuni nyingine sio jenuini ya Toyota, kampuni zinazojielewa kwenye katalogi zao zinaonyesha pedi yao inachukua nafasi ya namba gani ya Toyota.

Haya tuje kwenye pedi zenyewe. Seti ya kwanza niliyofungiwa, kampuni siitaji, boksi lilikuwa na neno JAPAN kubwa kama bango la uchaguzi, ila hakuna jina la kiwanda, hakuna namba ya lot (kundi la uzalishaji), na pedi zenyewe ukizigeuza pembeni tupu kabisa, hamna hata herufi. Zilipiga kelele kila asubuhi, rimu za mbele zikawa nyeusi ndani ya muda mfupi baada ya kuosha, na kibaya zaidi ukishuka mteremko mrefu ukawa unakanyaga kanyaga, pedali inakuwa ngumu vizuri tu lakini gari haishiki. Hapo muelewe tofauti, pedali ikiwa ngumu na gari haisimami hiyo ni pedi imezidiwa na joto, pedali ikiwa laini inazama kama sponji hiyo mara nyingi ni maji ya breki yamechemka au kuna hewa. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake tofauti, ila mafundi wengi watakwambia tu "tubadilishe pedi".

Nilipozitoa nikachukua tochi ya simu nikaziangalia vizuri. Ya ndani, upande wa pistoni inayosukuma pedi, ilikuwa imeliwa kuliko ya nje, na hiyo ya ndani yenyewe imeliwa mshazari, upande mmoja mnene upande mmoja karibu na bati. Hiyo sio kosa la pedi peke yake, ni zile pini za kalipa (ile sehemu inayobana pedi kwenye diski) zimekauka, kalipa haitelezi, kwahiyo pedi moja inafanya kazi ya mbili. Sasa fikiria umenunua pedi nzuri za hela nyingi halafu fundi kachomoa za zamani kachomeka mpya kwenye pini zile zile kavu, zitaisha vile vile tu. Mimi sasa hivi kabla ya kumpa fundi kazi namuuliza kabisa, pini utazisafisha? utaweka grisi ya silikoni? Akianza kucheka nahama gereji. Grisi ya kawaida ile ya bearingi usikubali, inaharibu raba za kalipa.

Seti niliyonayo sasa hivi ni ADVICS, hawa wako kundi moja na Aisin na ndio wanatengeneza breki nyingi zinazotoka na Toyota kiwandani. Ila kabla ya kulipa nilisoma ubavuni. Pembeni ya pedi kuna mstari wa maandishi, kuna kodi, yaani alama ya utambulisho, ya kampuni, kuna kodi ya mchanganyiko, na mwisho mara nyingi kuna herufi mbili, EE, FF, GG au mchanganyiko kama EF. Herufi ya kwanza ni msuguano pedi ikiwa kwenye joto la kawaida, ya pili ni ikiwa imepata moto sana. E ni 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55. Kwahiyo ukiona FE ujue ikipata moto inapungua nguvu, kwa mtu wa milima hiyo hapana. Zangu zote mbili ni F, kwa gari ya familia kama Fielder inatosha kabisa, sioni haja ya kukimbilia G kisa ni herufi ya mbele. Alafu herufi hazikuambii pedi itadumu muda gani wala kama italia, zinakuambia msuguano tu, msije mkaninukuu vibaya.

Ukikuta pedi ina herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake halafu kuna 90R, hiyo imepita kanuni ya R90 ya Umoja wa Mataifa, yaani utendaji wake umepimwa ukilinganishwa na pedi ya kiwandani na hautakiwi kupishana zaidi ya asilimia 15. Kwenye gari za Ulaya hii ndio ya kuangalia kwanza.

Kuhusu seramiki na semi-metaliki (yenye vipande vya chuma), yaani malighafi ya pedi, watu wanabishana sana. Gari za Kijapani nyingi zinatoka kiwandani na pedi laini za aina ya oganiki zisizo na asbesto au seramiki, zinakuwa kimya na vumbi lake kidogo. Semi-metaliki zinavumilia joto zaidi ila zinakula diski na zina kelele na vumbi jeusi. Kuna watu wanaona rimu nyeusi wanafurahi eti pedi inashika, hapana jamani, ni vumbi tu. Kama hubebi mizigo mizito milimani baki na laini.

Diski nazo zimeandikwa MIN TH na unene kwa milimita, kwenye kikofia cha diski au pembeni, ukipima ukakuta imefika hapo usiichonge tena, nunua mpya. Yangu ilikuwa bado iko salama, ilisafishwa tu.

Siku ya kufunga kitu ambacho nilisimamia mwenyewe ni kopo la maji ya breki. Pistoni ikisukumwa ndani yale maji yanarudi juu, kama mtu alikuwa amekujazia mpaka MAX yanamwagika, na yanakula rangi ya gari vibaya sana. Baada ya kufunga kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu KABLA ya kutoa gari, hii naandika kwa herufi kubwa maana pistoni inakuwa imerudi mbali na mkanyago wa kwanza unazama wote chini. Halafu nikatafuta barabara tupu nikawa natoka kama kilometa 60 kwa saa napunguza taratibu mpaka karibu 10 bila kusimama kabisa, narudia kama mara kumi hivi, kisha naiacha itembee ipoe. Hiyo inapaka tabaka la pedi kwenye diski. Tangu hapo kimya, rimu zinakaa safi, mteremko ule ule gari inashika mpaka chini. Malalamiko yangu ni kwamba asubuhi ikiwa baridi mkanyago wa kwanza unakuwa mzito kidogo, na shimu hazikuja kwenye boksi, ikabidi zirudishwe zile za zamani baada ya kusafishwa. Shimu ni vile vibati vyembamba mgongoni mwa pedi, ukivitupa usilalamike kelele.

Sasa oili. Hapa ndo kuna ushabiki kuliko mpira. Fundi wa kwanza alitaka kuniwekea 20W-50 sababu gari ina kilometa nyingi na eti oili nyepesi ni maji. Nikakataa. Kwenye gari yangu kulikuwa na ile stika ya Kijapani ya kubadilisha oili, mwaka wameandika 28, watu wanaona ni takataka wanabandua, kumbe ni Heisei 28, unajumlisha 1988 unapata 2016. Ikiwa ni Reiwa unajumlisha 2018. Na kwenye yangu pembeni kulikuwa na 0W-20 imeandikwa kwa kalamu. Yaani hao waliokuwa nayo kule ndio walichokuwa wanaiwekea.

Namba ya kwanza yenye W ni jinsi oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi, namba ya pili ni uzito wake kwenye nyuzi joto 100. Ya 20 kwenye joto hilo ni kuanzia 6.9 mpaka chini ya 9.3 sentistoki (kipimo cha uzito wa oili), ya 30 ni 9.3 mpaka chini ya 12.5, ya 50 ni 16.3 mpaka chini ya 21.9. Angalia pengo la 20 na 50 hapo, ni zaidi ya mara mbili. Na 1NZ-FE ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, ile inasukumwa na presha ya oili yenyewe kupitia vitundu vidogo, ukiweka uji mzito injini inachelewa kuitika na asubuhi oili inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua valvu.

Nilianza na 0W-20 fuli sintetiki. Injini nyepesi, inawaka laini, sina neno, ila kati ya sevisi na sevisi nikipima kijiti naona imeshuka kidogo. Nikahamia 5W-30 fuli sintetiki yenye API SP (API ni alama ya daraja la ubora wa oili), uzito ambao Toyota wenyewe wanaukubali kwa hii injini, na hapo haishuki tena kwa macho yangu. Mlio haujabadilika. Kwa injini ya kilometa nyingi sehemu ya joto mi nabaki hapo. Kwa injini mpya mpya zilizotengenezewa 0W-16 au haiburidi fuata kitabu chake, usinisikilize mimi. Na mwenye dizeli ya Ulaya yenye DPF, filta ya masizi ya moshi, ndo kabisa, huko uzito tu hautoshi, tafuta kodi nyuma ya galoni kama VW 507 00, MB 229.51 au BMW Longlife-04, oili isiyo na hizo inaziba hiyo filta ya moshi.

API SP ilianza 2020, kabla yake ilikuwa SN ya 2010 na marekebisho yake. Kwa oili za petroli daraja iliyotangulia inabebwa na mpya, kwahiyo SP inaingia kwenye gari iliyoandikiwa SL au SM bila shida. Ukikuta galoni imeandikwa SF au SG na muuzaji anaisifia iache pale pale, hizo daraja ni za miaka ya 80.

Alafu kiasi. Hii injini inakula lita 3.7 ukibadilisha na filta. Galoni ni lita 4. Mafundi wanamimina yote mpaka tone la mwisho eti usiache hela yako, oili ikizidi kranki, ile shafti kubwa inayozunguka chini ya injini, inaipiga inatoa povu. Mimi nasimama pale na galoni naishika mwenyewe, inayobaki naweka kwenye buti ya kuongezea. Wosha (kile kipete) ya bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, weka mpya kila mara, ni kitu kidogo mno na ndicho kinachofanya watu wavujishe.

Galoni feki naangalia pete ya mfuniko kama imekatwa, na namba ya batch iliyochapwa kwenye galoni kama inafutika kwa kidole. Galoni tupu nazitoboa kabla ya kutupa ili zisije zikajazwa oili feki.

Maksi zangu: pedi 8 kwa 10, moja nimekata kwa shimu na moja kwa ule mkanyago wa asubuhi. Oili 9, na kubadilisha nafanya mapema kuliko ile kilometa 15,000 ya kitabu cha Japani, maana kitabu hicho hicho kwa matumizi magumu kinasema 7,500 au miezi 6, na foleni za kila siku ni matumizi magumu. Shuu za nyuma bado zina nyama, nikizibadilisha nitawaambia nilipata zipi kwenye ile 04495.